Kichaka Kilichoahidi Maua

Jumapili, 5 Desemba
Msiba! Bibi ametangaza kwamba kamelia yetu, kile kichaka cha maua, isipochanua wiki hii, itang'olewa lijengwe banda la kuku. Tangu tuitoe msituni haijatoa hata ua moja la njano. Majani tu. Lakini nyuma yake ndiko ninakosomea, na ndiko ninakojificha wageni wakija. Kuku hawatanificha.

Jumatatu, 6 Desemba
Nimemsihi Bibi tukihoji kichaka kwanza, kama tunavyoihoji miti ya matunda iliyogoma kuzaa, kila mwezi wa tano wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo. Akasema huu ni wa kumi na moja. Nikasema kiburi hakina kalenda. Akacheka, akachukua panga. Mimi nikaingia kichakani niwe sauti yake. Binamu yangu Luong akaita majirani wote. Mshenzi!

Bibi akagonga shina: "We mvivu, utachanua au hutachanua?"

Jibu la desturi ni fupi: nisamehe, nitachanua. Kumbe nikiwa kichaka sina haya hata chembe! Nikahutubia. Udongo, kivuli, unyevu. Nikaahidi maua Alhamisi, kila tawi. Makofi! Luong akauliza kama kichaka hicho ndicho kilichofeli hesabu.

Jumatano, 8 Desemba
Hakuna ua. Nimepanda kilimani, nikachuma kamelia mwitu nyeupe, nikazipaka bizari ya manjano, nikazifunga matawini kwa uzi. Si uongo kamili. Ni ndugu. Mvua isinyeshe tu.

Alhamisi, 9 Desemba
Imenyesha. Mbele ya majirani kichaka kikachuruzika mchuzi. Kuku mweupe wa Bibi akatoka chini yake akiwa wa njano. Luong akalia kwa kicheko.

Bibi akaanza kukata nyuzi, panga mkononi. Kwenye uzi wa mwisho akasimama. Tumba! La njano, la kweli, dogo kama pipi. Nami nilikuwa nimelikaba kwa uzi lisifunguke.

Bibi akasema kichaka kimesema kweli, mwongo ni mdomo wake. Banda litajengwa kwingine.

Jumapili, 12 Desemba
Limechanua! Moja tu, zito, linang'aa kama nta. Bibi amekataza mtu kuligusa, hasa mimi. Nimeapa: sitaahidi tena nisichokuwa nacho.

Jioni jirani yetu, Mama Nhai, amekuja kuniomba niusemee mbalungi wake, haujazaa mwaka wa pili. Nilijificha nyuma ya kamelia. Lakini nikisha kuwa huko, mdomo hunifunguka wenyewe. Nimemwahidi mabalungi kabla ya Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila tawi.

Sokoni yamejaa tele. Na uzi bado ninao.