Umeme Wenu Umeniachia Sharubu Upande Mmoja

Kwa Mheshimiwa Mhandisi wa Umeme,
Vellamkunnu, Kerala.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima, na sharubu zako ziko pande zote mbili. Zangu zina matatizo, naomba unisikilize kabla hujacheka.

Mimi ni Prajeesh, mwenye sharubu zinazoonewa wivu kuanzia kivukoni hadi kanisani. Shule niliiacha darasa la nane, kwa makubaliano na mwalimu. Kesho naenda na wajomba zangu kwa kina Ambili kumposa. Chai ataileta yeye mwenyewe, na atanitazama usoni. Uso gani sasa? Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinyozi wetu, Mzee Sugunan, amekusanya kanda za nyimbo za Kimalayalam, zimejaa ukuta mzima. Hanyoi bila wimbo. Nyimbo za huzuni ni za ndevu, za mbio za mitumbwi ni za kichwa, na sharubu zina wimbo wao mmoja wa mapenzi. Kanda ya wimbo huo aliifuata milimani kwa mjane mmoja, akaibadilisha na mbuzi mzima. Mkono wa Mzee hufuata mdundo.

2. Leo ubeti wa kwanza ulimaliza kushoto. Kiitikio kinaanza, wembe unavuka pua, nanyi mkakata umeme! Mzee akaketi. Kushoto nina mstari mwembamba kama wa kalamu, kulia nina fagio la makumbi.

3. Nikamwambia, "Mzee Sugu, tumia basi simu yangu, ina nyimbo tele." Akanijibu, "Wimbo wa simu hauna tumbo la kunguruma, mwanangu." Nikajitolea kuimba mwenyewe. Alivumilia mstari mmoja tu: "Nyamaza, Praji, nisije nikakukata koo!" Mimi, niliyeshika nafasi ya pili kwenye tamasha la hekalu! (Tulishindana wawili, lakini hilo halikuhusu.)

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kabla ya kukata umeme mumpigie Mzee Sugunan, mumuulize wimbo umefika wapi. Fundi asiyejua kutofautisha kiitikio na ubeti asiguse swichi. Mkishindwa, zimeni jimbo zima, ibaki hospitali na kinyozi.

5. Hata hilo likishindikana, kesho njoo na wewe umenyoa upande mmoja, ukae kando yangu, waseme ndio mtindo.

Msalimie mama watoto, mafundi wa nguzo, na yule karani anayenikatia simu.

Wako niliye gizani,
Prajeesh

Baada ya sahihi: Balaa! Binamu yake Ambili amepita hapa kinyozini, akanipiga picha, akamtumia. Ambili ameandika: "Kaka Praji, mbavu sina! Njoo hivyo hivyo. Ukizinyoa, chai utakunywa na baba yangu, mimi sitoki jikoni." Sasa hivi umeme umerudi, kiitikio kimeshika moto, na Mzee Sugunan ananijia na wembe, macho kafumba kwa utamu. Mheshimiwa, yote ya juu yafute. Zima, baba! Zima!