Redio ya Wawindaji Siku ya Posa Yangu

Jumatatu, 3 Novemba. Gitega.
Wamesema Jumamosi! Mzee Sefu wa Buhinyuza, baba yake Yasmina, amekubali kupokea posa yangu. Furaha kwanza, halafu hofu. Kwetu mchumba hasemi siku hiyo, anasemewa. Na msemaji wangu ni mjomba Zakaria! Akipewa nafasi anaanza na ukoo, anapitia magonjwa yake yote, anamalizia na maharagwe. Nikikataliwa, Ilyasi muuza sabuni wa Muyinga ataleta posa yake. Amejitangaza sokoni bila haya. Yasmina ananitaka mimi, lakini baba yake anataka watu wanaojua kuongea.

Sitakubali. Maisha yangu hayatategemea mdomo wa mtu mwingine.

Jumatano, 5 Novemba. Muyinga.
Dawa imepatikana! Mushagalusa, Mkongomani anayeuza mitumba sokoni, ana vidude viwili vya wawindaji na wapanda milima. GPS na redio pamoja. Unabonyeza, unasema, mwenzio anasikia ng'ambo ya kilima. Tena kila kimoja kina mshale unaoonyesha mwenzake alipo. "Na hii hauwezi potea, patron." Nikamwambia mimi sipotei, ninaoa. Tumebadilishana na runinga yangu.

Mpango: mjomba ukumbini, kidude mfukoni, waya sikioni. Mimi migombani na kile kingine. Nasema, anarudia. Ilyasi akaoge na sabuni yake!

Alhamisi, 6 Novemba. Gitega.
Tumefanya mazoezi. Mjomba ananung'unika kwamba kusikiliza kitu ambacho wenzako hawakisikii ni kama kula peke yako mbele ya wageni. Uzee huo. Ng'ombe wa mahari nimempata Itaba. Mzuri sana. Anachechemea kidogo mguu wa nyuma, lakini akisimama haonekani. Basi atasimama.

Jumamosi, 8 Novemba. Buhinyuza.
Balaa!

Mwanzo mambo yalikwenda. Wazee ukumbini, ng'ombe kafungwa mbali, mimi migombani, nabonyeza. Mwambie naswali swala tano. Mwambie nina duka (ni meza, lakini ina mwavuli). Mwambie ng'ombe ni mzima, ila usikubali atembezwe, mguu ule utatuumbua. Na mzee akijifanya mgumu msifu kidogo, huyo anapenda sifa kuliko chakula.

Sauti ikatoka kwenye kidude changu, na si ya mjomba. Ni Yasmina! "Husni, nyamaza! Bote banakusikia."

Mjomba alikuwa amechomoa waya na kukiweka kidude katikati ya mkeka, sauti juu kabisa. Eti heshima kwa wazee!

Nikakimbilia mgomba mwingine. Mzee Sefu akatoka na kidude mkononi, anafuata mshale. Nikahama. Mshale ukahama. Kifaa kile hakikosei, lazima niseme ukweli. Alinikuta nimechuchumaa nyuma ya choo.

Hakupiga kelele. Aliagiza ng'ombe atembezwe. Ng'ombe akachechemea mbele ya ukoo mzima, wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Yasmina peke yake hakucheka. Macho yake yalijaa machozi, nami hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Mzee akasema turudi Ijumaa, mara ya mwisho. Tuje na ng'ombe anayetembea na mchumba anayenyamaza. Akanirudishia kidude: nisije nacho tena mkononi wala mfukoni. Tukishindwa, binti ataolewa na Ilyasi.

Jumapili, 9 Novemba. Gitega.
Wote wananilaumu! Kosa langu liko wapi? Redio ilisema nilichosema. Mshale ulionyesha nilipokuwa. Kilichotuharibia ni adabu ya mjomba. Yasmina kapiga simu. Kamwambia baba yake kwamba kwa Ilyasi haendi, lakini mzee hasikii. Akanisihi nije tu, nikae, ninyamaze. Nikamjibu sawa, mpenzi. Simu ilipokatika nikaanza kufikiri.

Ijumaa, 14 Novemba. Gitega.
Tunaondoka. Ng'ombe mpya anatembea vizuri kuliko mjomba. Nimemwapia mama kwamba sitafungua mdomo mbele ya wazee. Na sitafungua. Nitakuwa nyuma ya nyumba.

Ng'ombe nimemvika kengele kubwa na shada la maua. Chini ya maua kuna kidude, nimekifunga kwa kamba ya katani. Nimepanga afungwe dirishani, karibu kabisa na sikio la mjomba. Mzee alikataza mkononi na mfukoni. Shingoni mwa ng'ombe hakukutaja.