Koti Langu Lilipokuwa Kazini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkuu wa Idara ya Utumishi hapa kiwanda chetu cha rangi anastaafu mwisho wa wiki! Kiti chake kinazunguka. Miaka kumi na moja nimekitolea macho.

Wanaokitazamia ni wawili. Mimi, na karani mwenzangu tuliyembatiza Bi Saa Mbili, kwa sababu saa mbili kamili asubuhi huwa keshakaa, kalamu mkononi. Hana mbwembwe, hana mchezo na kazi. Hana koti pia, na hilo ndilo litakalommaliza.

Maana leo Mkurugenzi ameniita. Anataka kujua nani humu anafanya kazi na nani anapoteza muda, nimtafutie njia ya kupima. Mimi! Nikamshauri apite mwenyewe mara tatu kwa siku bila taarifa, achungulie kwenye kioo cha mlango wetu, atie alama kwenye orodha ya mlangoni kwa kila kiti chenye mtu. Akafurahi kweli. Kioo chenyewe kina ukungu, na macho ya Mkurugenzi nayo yana ukungu wake.

Jioni nimempigia simu mama mkwe kumwarifu kwamba cheo nimekipata. Mke wangu akauliza nimeambiwa na nani. Nikamwomba asinikatishe, niko kwenye simu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Saa tatu asubuhi nimelitundika koti langu la harusi mgongoni mwa kiti. Faili wazi mezani. Juu ya faili, miwani. Kando, chai nusu kikombe, ili ijulikane mwenyewe hayuko mbali. Kisha huyoo, ng'ambo ya barabara kwa kinyozi, kucheza drafti.

Nimefungwa mara tatu. Si kitu. Niliporudi nimekuta nina alama tatu! Bi Saa Mbili ana moja. Alikuwa ameshuka chumba cha kuchanganyia rangi, kumsikiliza mpishi wa rangi ambaye likizo yake imepotelea kwenye makaratasi. Kajitakia mwenyewe. Nani kamtuma kufanya kazi wakati wa kupimwa?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimesifiwa mbele ya watu! Mkurugenzi kasema kwenye kikao kwamba yuko mtu humu hainui kichwa toka asubuhi hadi jioni, hata akipungiwa mkono haitikii. Nikainamisha uso kwa unyenyekevu. Akaongeza kwamba huo ndio utamaduni anaoutaka kwenye kampuni yake, na wengine waige.

Bi Saa Mbili baadaye akaninong'oneza kwamba miwani yangu pale mezani haina kioo upande mmoja. Wivu huo!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Wezi! Wezi wa mchana kweupe!

Nimeingia asubuhi, karani wa masjala kaning'iniza koti kitini. Tarishi kaleta la baba yake, mikono inagusa sakafu. Dereva kaleta la mvua, na nje jua linawaka. Mpaka adhuhuri nimehesabu makoti tisa. Nikakimbilia kwa kinyozi kumweleza uchungu wangu. Nikawakuta wote huko, wamepanga foleni ya drafti.

Nilitaka kuwashtaki kwa utoro. Tatizo ni kwamba mashtaka ya utoro yanaletwa kwangu.

Kila mtu sasa ana alama tatu. Lazima nizidishe. Usiku huu nitachukua mto wa mke wangu.

Mama mkwe kapiga simu. Anakuja Jumamosi. Amenidarizia kitambaa cha meza, kwa uzi mwekundu, maneno "Mkuu wa Idara".

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Laiti ningebaki nimelala.

Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Mto ndani ya koti, kofia juu, kalamu imechomekwa kwenye mkono wa koti. Nikatazama toka mlangoni, nikajiona nimependeza. Nikaenda kunyolewa, maana mkuu mpya hatangazwi na ndevu.

Kumbe Mkurugenzi kaja na wageni watatu wa bodi, kuwaonyesha idara inayochapa kazi kuliko zote. Na leo hakuchungulia. Kafungua mlango! Mfagiaji alikuwepo, kanisimulia yote kwa raha zake. Kwamba Mkurugenzi alisalimia, ikaitika sauti moja tu. Kwamba alikuja moja kwa moja kwangu, akawaambia wageni, huyu ndiye, akanipiga begani kwa upendo. Kofia ikaanguka. Mto ukafuata.

Mkubwa wa bodi akazungusha macho kwenye makoti yote, akauliza wenyewe wako wapi. Mtu aliyekaa kitini alikuwa mmoja tu. Bi Saa Mbili akasimama.

"Wako kwa kinyozi, ng'ambo. Kama ni shida ya kazi, niulizeni mimi."

Wakamuuliza. Likizo, mikataba, usalama wa chumba cha rangi. Akajibu yote bila kufungua faili.

Mfagiaji alikuja kuniita, nikaingia mbio, shuka la kinyozi shingoni, shavu moja limenyolewa, la pili bado. Mkurugenzi alinitazama kwa huzuni kuliko hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Wiki nzima nimelisifia koti," akasema.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mama mkwe kafika. Nimemwambia ukweli. Akakikunja kitambaa taratibu. Kasema kitambaa hakina kosa, nikipeleke kwa mwenyewe. Mke wangu anataka mto wake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bi Saa Mbili ndiye Mkuu. Hakumfukuza mtu. Tangazo lake la kwanza lina mstari mmoja: makoti yote yatundikwe kwenye misumari ya ukumbini.

Nimempelekea kitambaa. Kakipokea kwa mikono miwili, kakitandika mezani, kimeenea barabara. Nikameza mate. Akanitazama kidogo.

"Kazi unaiweza sana," akasema. "Ukiwepo."

Nimeguswa, sitaficha. Nimerudi mezani pangu nikaapa kubadilika. Nimefanya kazi kwa moyo wangu wote, nusu saa nzima, hata mpishi wa rangi kapata likizo yake.

Kisha kalamu ikanidondoka. Nikainama chini ya meza kuiokota, nikatupa jicho mlangoni. Upande wa chini kioo kile hakina ukungu hata chembe. Anayepita anaona miguu vizuri kabisa.

Nimelisoma tangazo mara tatu. Linazungumzia makoti tu. Kuhusu viatu halisemi lolote!

Kesho nakuja na jozi ya pili. Kinyozi nimeshamwambia aniwekee nafasi saa tatu.