Chai ya Vuguvugu

Jumatatu, 6 Mei

Dada mkubwa amekuja asubuhi. Kabla hata ya kuvua viatu akamuuliza mpwa wangu kama nimekula. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Mdomoni nina mkate.

Mpwa wangu, binti yake huyo huyo dada, amekaa nami na kunisaidia tangu nianguke. Jumapili anakwenda chuo. Hilo nalijua na nimelikubali. Nisichokubali ni amri iliyofuata. Nichague shirika la huduma kwa watu wenye ulemavu, liniletee msaidizi wa nyumbani, na nichague kabla ya Jumamosi jioni. La sivyo nahamia kwake. Chumba kiko tayari, anasema. Nakijua chumba hicho. Ni stoo yenye dirisha. Kina baiskeli ya Shemeji na madumu ya maji, na meza yangu ya kazi haipiti mlangoni. Fundi saa asiye na meza ni nini? Ni mtu anayeuliza wenzake saa ngapi.

Na amri yenyewe hakunipa mimi. Alimpa mpwa wangu, anifikishie.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Mwezi uliopita daktari alimuuliza Shemeji kama napata usingizi. Shemeji akajibu kwamba nakoroma. Amejuaje? Yeye analala kwake! Miguu ndiyo iliyogoma. Masikio yangu yanasikia saa inayochelewa ikiwa bado mfukoni mwa mteja.

(Nilianguka paani nikigeuza antena ya jirani ili picha ije kwangu. Jirani alikuja hospitali na matunda. Sijamsamehe.)

Jumanne, 7 Mei

Mpango umeiva.

Mashirika yaliyo karibu ni mawili. La kwanza lina gari jeupe na ofisi ya ghorofani. Hakuna lifti, ngazi tupu, lakini ghorofa ni ghorofa. La pili liko mtaa wa nyuma, limebanwa kati ya kinyozi na duka la misumari. Nikiwakaribisha nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu, wote watanilisha nyama ya ulimi. Mtu hutambulika pale anapodhani hatazamwi. Kwa hiyo Shemeji atakaa kwenye kiti changu, awe ndiye mwenye ulemavu. Mimi nitakaa sofani, niwe kaka yake, mtu mzima na afya zake, nione wanavyomtendea.

Shemeji amekubali haraka mno. Kwao hata shati la kuvaa hutolewa kabatini na Dada. Nadhani amefurahi kupewa cheo. Sharti lake ni nimsafishie saa yake ya mkononi, ambayo naijua, imejaa jasho. Tumepeana mikono. Dada asijue.

Mpwa wangu ameuliza kwa nini nisikae tu kwenye kiti changu nikawaambia ninachotaka. Watoto wa leo hawana subira ya mambo makubwa.

Jumatano, 8 Mei

Ushindi!

Walinibeba mpaka sofani, mpwa akanipandishia mguu mmoja juu ya mwingine, nikafanana na mkurugenzi. Shemeji akaketi kwenye kiti changu na kulaza kichwa upande, kwa namna ambayo kwa kweli ilinitukana. Nikamwambia akinyooshe. Hakukinyoosha.

Akaja mtu wa gari jeupe. Nimempa jina la Bwana Tai, kwa kuwa tai yake ilitangulia kuingia. Shikamoo yake ilikuwa ya kuinama. Akaketi akinielekea mimi. Akaisifia nyumba, akaniuliza maoni, akayasikiliza maoni. Tangu nitoke paani sijaulizwa maoni na mtu mwenye tai. Shemeji alipotaka kusema kitu, Bwana Tai alimpapasa bega, akaendelea na mimi. Kisha akaniuliza kama mzee hunywa chai ya moto au ya vuguvugu.

Nilimtazama Shemeji. Huyu hunywa chai inayochoma ulimi. Nikasema vuguvugu.

Nimecheka mpaka mpwa akaja kunishika nisianguke. Hawa ndio watu. Wanajua heshima. Wale wa mtaa wa nyuma nitawaona kesho kwa kutimiza wajibu tu.

Alhamisi, 9 Mei

Damu inanichemka.

Mwanamke wa mtaa wa nyuma amekuja kwa miguu, kavaa raba. Alinisalimia vizuri, sikatai. Kisha akavuta kigoda, akaketi ana kwa ana na Shemeji, na mimi akanipa mgongo. Mimi, mwenye nyumba!

Akamuuliza angependa aitweje. Akamuuliza huamka saa ngapi, na ni mambo gani anayafanya mwenyewe na hataki mtu ayaguse. Nikajibu badala yake kwamba huamka mapema. Akasema bila kugeuka, "Samahani kaka, naongea na yeye." Nikakohoa. Akamuuliza Shemeji kama kikohozi changu kinamsumbua.

Na Shemeji, badala ya kufuata tuliyokubaliana, akasahau kwamba anaigiza. Akaanza kumwaga. Kwamba anataka kuchagua shati lake mwenyewe. Kwamba televisheni hubadilishwa akiwa katikati ya kutazama. Kwamba katika nyumba anayolala hajaulizwa anataka nini kwa muda mrefu mpaka amesahau jibu. Mama Raba, ndivyo nilivyomwita kwa viatu vyake, akamwachia nafasi aseme yote. Mtu mwenyewe miguu yake ni mizima, jana tu alikimbilia mkate! Walipoagana alimshika mkono kwa mikono miwili. Mimi alinipungia.

Nimewafuta. Hawana adabu.

Mpwa wangu amesema huyo mama ndiye niliyekuwa namlilia tangu Jumatatu. Nimemweleza polepole kwamba haelewi. Suala si nani anaongea na nani. Suala ni heshima, na heshima niliiona Jumatano. Akaenda jikoni. Nilimsikia akicheka na masufuria.

Ijumaa, 10 Mei

Dunia imeharibika na watu wanaitazama tu.

Nilimpigia simu Bwana Tai aje na msaidizi tufanye majaribio. Leo nilikuwa kwenye kiti changu, mezani kwangu, saa ya mteja iko wazi, bisibisi mkononi. Shemeji alikuwa sofani, amefuata saa yake. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kwa nini mwenye ulemavu amebadilika tangu juzi.

Hayakuhitajika. Bwana Tai alimwendea Shemeji moja kwa moja, akainama, akasema amefurahi kumwona tena. Tena! Juzi tulizungumza uso kwa uso mpaka chai ikapoa, leo hanijui kwa sababu nimekalia magurudumu. Akanipapasa bega. Nikamwambia ni mimi, ndimi niliyezungumza naye juzi. Akamgeukia Shemeji kwa huruma, akamuuliza kama mzee huchanganyikiwa hivi kila siku.

Shemeji alipaswa kunitetea. Akasema hasa asubuhi.

Msaidizi alikuwa jitu la miraba minne. Akashika kiti changu kwa nyuma, bila hodi, akanisukuma mpaka dirishani nipate hewa. Na bisibisi mkononi! Skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi ikadondoka, na mpaka naandika haijapatikana. Nikafunikwa blanketi. Jua hilo, blanketi hilo. Na Bwana Tai akamuuliza Shemeji kama mzee hunywa chai ya moto au ya vuguvugu.

Shemeji alinitazama kwa utulivu mkubwa. Akasema vuguvugu.

Nimewafukuza kwa sauti iliyofika kwa jirani. Bwana Tai akamuuliza Shemeji kama anaafiki wafukuzwe. Mpwa wangu akanong'ona kitu kuhusu mkuki na nguruwe. Nimepiga marufuku methali ndani ya nyumba hii.

Kesho ni Jumamosi, na Dada ametuma ujumbe kwamba baiskeli imeshatolewa chumbani. Ameutuma kwa mpwa wangu. Nimeifuta meza yangu ingawa haikuwa na vumbi. Naogopa. Naliandika hapa tu, na asilisome mtu.

Jumamosi, 11 Mei

Dada amekuja na masanduku matupu. Lakini mpwa wangu, bila ruhusa yangu, alikuwa amemwita tena Mama Raba. Wakakutana mlangoni. Shemeji nyuma yao, kabeba sanduku la pili.

Mama Raba alinisalimia. Akakitazama kiti, akamtazama Shemeji aliyesimama wima, akamuuliza miguu imepona lini. Kisha akamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama siku hizi anaruhusiwa kuchagua shati.

Dada alimtazama mumewe. Akalitazama shati. Yaliyobaki ni ya nyumbani kwao.

Nikaeleza kwamba ulikuwa mtihani wa kitaalamu. Mama Raba hakucheka, au alichekea tumboni. Akavuta kigoda kile kile, akaketi mbele yangu, akaniuliza nataka nini.

Nilikuwa na hotuba. Haikutoka. Nikaifuta tena meza yangu, safari hii kwa vumbi la masanduku ya Dada. Mwishowe nikasema nataka kubaki na meza yangu, nisisukumwe bila kuulizwa, na chai iwe ya moto. Akauliza kama ni hayo tu. Nikasema ni hayo tu. Dada akafungua mdomo kuongezea yake, na Mama Raba akamwambia samahani dada, naongea na yeye.

Leo maneno hayo hayakuwa na ubaya wowote. Inategemea anaambiwa nani.

Nimewachagua wa mtaa wa nyuma. Dada amerudi na masanduku matupu na mume mwenye mawazo. Sihami.

Jumatatu, 13 Mei

Mpwa wangu aliondoka jana. Nyumba imepwaya kidogo. Msaidizi mpya ameanza leo asubuhi. Anauliza kabla ya kugusa kiti, na skrubu yangu ameipata chini ya sofa. Sina neno naye.

Nina neno na wengine. Mchana mkuu wa shirika amekuja mwenyewe kunikaribisha. Walikuwa wawili, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, na mama wa makamo kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kizuri kuliko changu, nimekiona. Mimi kupokea wageni sifundishwi. Nikampa mwanamume mkono, nikamkaribisha sofani, nikalisifu shirika lake.

Akasema yeye ni dereva. Mkuu ni huyu mama.

Nikasema vizuri sana, na nikamuuliza dereva mama anaendeleaje. Akasema nimuulize mwenyewe. Jibu kavu hivyo, ndani ya nyumba ya mtu! Nikalimeza. Nikamuuliza, kwa upole wote, kama mama hunywa chai ya moto au ya vuguvugu.

Mama akajibu mwenyewe kwamba ya moto. Akanitazama kidogo. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akaniuliza kama nimeridhika na msaidizi, na kama kuna lolote ambalo ningependa libadilishwe. Nikasema lipo moja, adabu ya dereva wao.

Dereva akatazama dari. Malezi hayo. Lakini mama, sikatai, anajieleza vizuri sana. Wakati wa kuagana nimemwambia dereva amfikishie.