Kadi za Zamu na Upepo wa Same

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Mabalozi wa Nyumba Kumi na ninyi mnaoutamani ubalozi, Mchungaji, Padri, Shehe, Mwalimu Mkuu, wake wa waliotajwa, waume wa wasiotajwa, wazee wangu wote wa kijiji hiki cha Kisiwani ambao nawaamkia shikamoo kwa jumla ili tuokoe muda (wazee: "Marahaba"), na wewe mama uliyesimama na jembe begani ingawa viti vipo.

Mimi, Bartholomeo Mfinanga, Meneja Mkuu wa Shirika la Mashine na Zamu za Maji, mtu niliyefika Mombasa, Kampala na, kwa ndege, Bulgaria, ambako nilihudhuria kozi ya kompyuta na kuielewa yote isipokuwa ile sehemu iliyofundishwa (kicheko), nimesimama mbele yenu kuzungumzia janga.

Kama mjuavyo, zamani maji ya ndiva yenu, lile bwawa la pale mlimani linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri, mlikuwa mkigawana kwa kukaa chini na kukubaliana, utaratibu ambao menejimenti iliuchunguza ikaona una kasoro moja kubwa, kwamba haukuwa na menejimenti. (Makofi ya watu wawili, wote wa Shirika.) Ndipo tukaleta kompyuta. Kila familia ikatobolewa kadi yake ya matundu, kadi zikakaa mjini Same, mashine ikawa inazisoma na kutamka nani amwagilie lini, na ikapigwa marufuku mtu yeyote kuzibua ndiva kabla kadi yake haijasomwa. Ufanisi ulipanda kwa asilimia mia moja na nne, na hizo nne za juu nilizihangaikia mimi mwenyewe.

Sasa, juzijuzi feni ya ofisi ilikufa, na mimi, kwa moyo nilionao, nisiyependa kuona makarani wakitoka jasho, nikaagiza madirisha yafunguliwe. Wapo wanaosema mtu aliyezaliwa Same hawezi kusahau upepo wa Same. Jamani, mimi nilikuwa Bulgaria. (Kicheko.) Upepo uliingia kwa dirisha la mashariki, ukatokea la magharibi, na haukutoka mikono mitupu, kadi zikaruka stesheni, zikaruka reli, zikawaangukia mbuzi wa Mzee Lukasi, ambaye namwona amekuja, nao wakazipokea kwa heshima zote. Zile chache tulizookota tuliilisha mashine, nayo bila kusita ikaipa stesheni ya treni zamu ya kumwagilia. Tangu hapo ndiva haijazibuliwa, maana sheria ni sheria.

(Mama mwenye jembe, Asnath, mkulima wa hapa: "Meneja, mahindi yangu yametoa mbelewele na majani yanajikunja. Ndiva imejaa mpaka maji yanamwagikia porini. Zamu yangu ni lini?")

Asante dada yangu Asnath kwa swali zuri, nimelihifadhi kichwani. Kwanza tuzungumzie uwajibikaji. Shirika linawajibika kwa asilimia zote zilizopo, kwa maana kwamba Shirika ndilo litakaloteua sabkomiti ya kutafuta ni nani awajibike. Dalili za awali zinaelekea kwa upepo, na mbuzi bado wanahojiwa.

(Mzee Lukasi, kutoka nyuma: "Mmoja anaharisha. Huyo mtamhoji saa ngapi?")

Pole sana mzee wangu. Huyo apewe likizo ya ugonjwa.

Pili, nasikia minong'ono kwamba Shirika halikuwa na plani. Ndugu zangu, plani ilikuwepo, na jina lake ni refu kuliko mfereji wenu: Programu Kabambe ya Bakapu na Rikavari ya Sistimu ya Kadi Wakati wa Majanga. Chini yake, seti ya pili ya kadi zote ilipangiwa kukaa mbali na mjini, hapa hapa kwenu, katika Jengo la Nakala, lenye kuta nene, madirisha yasiyofunguka na mlinzi asiyesinzia, pale chini ya ukuta wa ndiva ambapo nilikata utepe na kuhutubia mpaka jua likahama. Nani hakumbuki?

(Asnath: "Utepe tunaukumbuka. Jengo ndilo hatulikumbuki. Maji yanayomwagika yanapita pale pale ulipokata.")

(Pembe ya msaragambo, ile inayoita watu kwenye kazi ya pamoja, inalia njia ya mlimani. Anayeipuliza ni Eliamini, balozi wa nyumba kumi, ambaye kiti chake kilikuwa mbele. Watu wanainuka.)

Naomba tukae, sijafika kwenye takwimu. Ndugu Mwenyekiti, hata wewe? Basi, mnaokwenda kuzibua ndiva bila kadi natakiwa kuwaonya rasmi, na mmeshaonywa, nendeni polepole, njia inateleza.

(Asnath: "Tulikaa jana tukakubaliana. Leo ni mimi na jirani yangu Dorkas, kesho upande wa shule. Njoo, Meneja, majembe yapo.")

Nitakuja, dada, itifaki ikiisha. Shirika hoyee. (Kuku mmoja.) Kompyuta hoyee. (Kuku yule yule.) Madirisha yafungwe. (Sauti toka njiani: "Yafungwe.")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru viongozi waliokuwepo, navishukuru viti, na kwa namna ya pekee nayashukuru maji ya ndiva, ambayo yamepita siku zote hizi juu ya Jengo la Nakala bila kuharibu hata tofali moja, kwa kuwa hatukuwahi kuweka hata moja, wala seti ya pili ya kadi haikuwahi kutobolewa. Kilichokuwepo ni utepe, nao uko nyumbani, mke wangu anafungia mlango wa kabati. Dada Asnath, nisubirini. Na mmoja wenu anishikie viatu, ni vya Bulgaria.

(Hakuna aliyebaki wa kuvishika. Anavivua, anavibeba mwenyewe.)