Malalamiko Kuhusu Babu Yetu Uliyemtia Kwenye Chungu

Saluni ya Valence,
Lizaboni, Songea.

Kwako Dokta Rupert, mwanahistoria,

Shikamoo. Hapa nakuachia nafasi uitikie, maana kwetu mtu haanzi kumlaumu mkubwa kabla hajaitikiwa.

Haya, naendelea. Mimi ni Valence Fusi, kinyozi. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya livumilie, kama mimi nilivyokivumilia kitabu chako. Ana kwa ana nisingeweza kukuambia haya. Mtu akinitazama sana maneno yote yananikimbia, ndiyo maana nikachagua kazi ambayo wateja wanatazama kioo.

Kwenye msiba wa babu yangu Leo, mwaka juzi, mimi ndiye niliyekuletea kiti. Ulisema unakusanya historia ya vita vya Maji Maji, ukaweka simu yako juu ya kinu iwe inarekodi. Tukakupa ugali kabla ya wazee, tukafurahi kwamba msomi amekuja kulia na sisi. Kumbe mwenzetu ulikuwa kazini. Sasa kitabu kimetoka, nami ninalalamika hivi:

1. Umeandika kwamba Fusi, baba yake babu Leo, Wajerumani walipofika alijificha ndani ya chungu kikubwa cha pombe, akanywa mpaka pombe ikaisha, vita navyo vikawa vimeisha, ndipo akatoa kichwa akauliza nani ameshinda. Chini umeweka tanbihi: "kwa mujibu wa shahidi." Shahidi mwenyewe ni Mzee Abdulswamadu wa Lusewa. Dokta, huyo ni Myao. Ni mtani wetu sisi Wangoni! Mtani akija msibani kazi yake ndiyo hiyo, kumsema marehemu na ukoo wake wote mpaka wafiwa wasahau kulia. Akisema ukweli tunamnyima chakula. Halafu huyo shahidi wa vita vya Mjerumani kazaliwa redio zimeshajaa mjini. Watu wote pale tulikuwa tumeshika mbavu. Wewe peke yako ulikuwa unatikisa kichwa kwa huzuni. Nilikuona, maana mimi nikikaa kimya naangalia watu.

Sisi nyumbani tunajua Fusi alipigana, akarudi na kovu la risasi begani. Bibi Notburga, mjane wa babu Leo, huwa anatuonyesha mahali lilipokuwa, kwenye bega lake mwenyewe.

2. Ungeishia kusimulia ningesema ni masikio. Lakini umefasiri. Eti chungu si chungu, ni "tumbo la mama", na Fusi kutoka chunguni ni "taifa linalozaliwa upya". Halafu ukachora picha ya chungu na mtu amekunja magoti ndani yake, na mishale. Dokta, mama gani huyo ana pombe tumboni debe zima? Nimeshika vichwa vingi, vya wasomi pia, na sijawahi kudhani kuna kinachoweza kubeba mambo haya bila kupasuka.

3. Mzee Abdulswamadu aliingia kaburini akalala chali. Akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba shimo lile limejengwa vizuri kuliko nyumba ya Mngoni yeyote. Tukampa jogoo, akatoka, tukazika. Watani wanafanya hivyo miaka yote. Wewe umeandika kwamba ni "mgogoro wa ardhi ambao haujatatuliwa kati ya Wayao na Wangoni", na kwamba jogoo alikuwa "fidia ya vita". Fidia! Jogoo yule alikuwa anakohoa.

Na Bibi Notburga alicheka mpaka kitenge kikamvuka, kwa sababu mtani alivaa koti la marehemu akachechemea kama marehemu mwenyewe. Umeandika kwamba kicheko cha mjane ni "kiwewe cha kurithi". Nilimsomea. Akaniuliza kiwewe ni kitu gani, nikamweleza nilivyoweza. Akasema, "Mwambie huyo mtoto nilicheka kwa sababu ilichekesha. Kwani kwao hawachekagi?" Nimekufikishia, jibu mtamalizana wenyewe.

4. Mwishoni umesema sisi ni "jamii yenye utambulisho uliovunjika". Nimeulizia mtaa mzima nani alisikia kishindo wakati unavunjika. Hakuna. Sisi tunajijua, Dokta, na Myao akishatutukana ndiyo tunajijua zaidi. Mtu wa kuhangaika ni yule ambaye akifa hakuna mtu anayemjua vya kutosha hata kumtukana.

5. Hayo yote ningekaa nayo moyoni, nimezoea. Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nina mchumba, Careen, wa Madaba. Baba yake ni Mwalimu Leodegari, mstaafu, na kwa Mwalimu kitu kikishapigwa chapa basi kimetokea. Kitabu chako anacho. Nilimtuma mjomba wangu Christopher apeleke posa, akarudi jioni amenuna. Anasema Mwalimu alivaa miwani, akamsomea ukurasa mzima akiwa amesimama, halafu akauliza, "Kijana wenu ndiye kitukuu wa mtu wa chungu?" Mjomba akaanza kueleza habari za utani. Mwalimu akamkata, "Bwana Christopher, utani hauna tanbihi. Hii hapa ina tanbihi."

Posa ikafia pale pale mlangoni. Careen akinipigia analia, basi tunasikilizana tunavyopumua mpaka salio linakwisha. Dokta, nimempenda huyu dada tangu alipomleta mdogo wake kunyolewa, akakaa kwenye benchi, na yeye hakunisemesha. Nilijua hapo hapo kwamba mke ni huyu. Sasa nimkose kwa ajili ya maneno ya mtu aliyelala kaburini akisubiri jogoo?

Na kazini hakukaliki. Kijana anaingia, "Vale, nipunguze pembeni, lakini Wajerumani wakipita usiruke kwenye ndoo yangu." Mwingine alibeba chungu cha mama yake kutoka nyumbani, akakiweka mlangoni kwangu, "Mshikaji, nimekupatia gesti."

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kwanza uandike kitabu kingine kinene kuliko hicho, maana Mwalimu anapima ukweli kwa unene, na humo Fusi awe amesimama wima. Kisha ukipeleke Madaba wewe mwenyewe kama mshenga, uvue viatu mlangoni, na ukisomewa ukurasa usimame mpaka mwisho. Naomba pia nchi itunge sheria kwamba mwanahistoria asikanyage msibani bila kuja na mtani wake, ili sisi tusikie kwanza ya kwao kabla hajabeba ya kwetu. Ukishindwa yote hayo, basi kwa kuwa wewe ndiye uliyevunja posa, utoe binti wa kwako. Nimesikia unao wawili. Mimi sichagui, nitaangalia chini kama kawaida yangu.

Wala usifikiri darasa la tano halifanyi utafiti. Nimefanya, kwa njia yako ile ile. Nimewauliza wateja habari za babu yako. Kwa mujibu wa shahidi, babu yako alibadilishwa kwa mbuzi gulioni, na kesho yake aliyemchukua akarudi kudai mbuzi wake. Shahidi wa pili ni Muhsini muuza mkaa, naye anathibitisha kwa nguvu, ingawa hajawahi kukuona wala hajui kwenu ni wapi. Nami nimefasiri: mbuzi si mbuzi, ni ishara ya elimu kutoroka ukoo. Nimechora na picha yenye mishale. Nimeibandika kwenye kioo cha saluni, na tanbihi chini, na wateja wanatikisa kichwa kwa huzuni. Itakaa hapo mpaka utakaporekebisha.

Wape salamu wanafunzi wako, hasa wale wanaokuamini, na mkeo, na hao mabinti wawili, waambie wasiogope. Mjomba Christopher anakusalimu akiwa bado amenuna. Bibi Notburga anasema ukipita tena kuna ugali, ila simu utaiacha kwa jirani.

Ni mimi niliyekuletea kiti,
Valence Fusi, kinyozi.

Nyongeza: Dokta, subiri. Nilikuwa natafuta bahasha, mara Mwalimu Leodegari akashuka kwenye bodaboda mbele ya saluni. Tabu, mama wa vitumbua hapa jirani, amemwambia nimetoka kidogo, naye amekaa kwenye kiti changu anasubiri. Nasikia kila kitu.

Anamwambia Tabu hivi: "Mama, mabinti zangu wawili wa kwanza niliwaozesha mashujaa. Mmoja kila mnada lazima apigane, meno hana tena. Wa pili alimrukia askari wa barabarani, mpaka leo yuko ndani. Wajukuu wote wananililia mimi, na pensheni yenyewe ndiyo ile. Juzi mama yangu akaniuliza, 'Leodegari, unatafuta mkwe au sanamu?' Nikarudi kwenye kitabu nikasoma upya. Huyu Fusi vita vimekwisha, akatoka, akaoa, akazaa, ukoo upo hadi leo unanyoa watu. Careen nampa huyu. Tena sisemi mimi, imeandikwa."

Kwa hiyo Dokta, usiguse kitu. Chungu kibaki, mishale ibaki, na ukichapa tena naomba chungu ukikuze kidogo. Tanbihi hiyo ailinde Mungu. Mzee Abdulswamadu ni shahidi wa kuaminika kabisa, hata macho yake yanaonyesha. Habari za kovu usizisikilize, Bibi mwenyewe leo anaonyesha bega la kulia, kesho la kushoto. Babu yako nitambandua leo leo, na binti zako wakae.

Sasa hivi Mwalimu anauliza, "Lakini mama, huyu kijana mwenyewe anaweza, au aliweza babu yake tu?" Na Tabu, mwanamke huyu asiyeweka siri, anamjibu, "Mwalimu, yuko nyuma ya pazia hapo tangu unalipa bodaboda. Hata kukohoa hajakohoa."

Mwalimu anacheka. Kiti kimelia, amesimama. Naishia hapa, naviona viatu vyake chini ya pazia.