Kiti cha Wadungani Barazani

Jumatatu, 5 Mei
Nimeamka na wazo! Sisi Wadungani, tuliohamia nchi hii ya Wakirgizi enzi za babu zetu, ni robo tu ya kata hii. Wakirgizi wametuzidi, na Waturuki wa ng'ambo ya mfereji wa mashamba nao wana robo yao. Ndiyo maana mfereji umeziba, baraza halijali, na vitunguu saumu vyetu vinakauka. Dawa ni moja: uchaguzi wa baraza mwezi ujao, kura zetu zote kwa mgombea mmoja. Mimi! Mke wangu Zuhra kauliza kwa nini mimi. Swali gani hilo?

Jumatano, 7 Mei
Kikao cha Wadungani, nyumbani kwangu. Wote wamekubali mgombea awe mmoja. Umoja wa kupendeza! Kisha kila mtu akajitaja mwenyewe. Hata mjomba Lazer, ambaye hasikii. Shemeji yangu Aishe, muuza tambi za baridi sokoni, kasema hata tukiungana sote hatutoshi. Twende kwa Waturuki, nao mashamba yao yanakauka. Nikamwambia siasa si tambi. Akajibu, "Shemeji, wewe hata kwa Wadungani hutoshi." Wakacheka. Wivu tu.

Ijumaa, 9 Mei
Karamu. Nimechinja kondoo wangu wa pekee. Watu wamefurika! Nikahutubia, kuanzia babu zetu walipovuka milima. Nilipofika kwenye theluji, ua mtupu. Wamehamia kwa Aishe, na mabakuli yangu! Kule nikamkuta Ismet wa Waturuki na Beishen, Mkirgizi anayelima kule mfereji unakoishia, wakipangiana kazi ya kuuzibua. Beishen kaniita, "Mzee Harsan, chukua sepetu!" Nikasingizia mgongo.

Jumapili, 11 Mei
Mfereji umezibuliwa. Makabila yote, matope hadi magotini. Mimi nilisimama ukingoni nikiongoza. Nikateleza. Aishe akanivuta kwa mpini wa sepetu mbele ya wapiga kura wote. Aibu! Maji yalipoingia shambani kwetu, Zuhra alilia. Mimi pia, kidogo. Matope machoni. Jioni wote wakamsihi Aishe agombee. Haraka ya nini?

Jumapili, 8 Juni
Uchaguzi. Aishe kashinda! Wadungani, Waturuki, Wakirgizi wa mwisho wa mfereji, wote kwake. Mimi nimepata kura moja. Zuhra kaapa si yake.

Jumatatu, 9 Juni
Aishe kaniomba niingie kamati yake ya maji. Nimekataa. Nimeshalijua kosa: kata ni ndogo mno kwangu. Nagombea Bunge! Zuhra kauliza nani atanipigia kura huko. Nimemwambia asiwe na hofu, nchi nzima bado hainijui.